Ukaguzi wa Usalama Mahali pa Kazi: Mwongozo Kamili kwa Karakana na Viwanda Vidogo

Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa kubwa zilionekana katika jengo la Rana Plaza huko Savar, pembezoni mwa jiji la Dhaka nchini Bangladesh. Watu walitolewa nje, na benki pamoja na maduka ya ghorofa za chini yakafungwa. Hata hivyo, kesho yake asubuhi washonaji wa viwanda vya nguo vilivyokuwa ghorofa za juu waliamriwa kurudi kazini. Jengo liliporomoka wakiwa ndani, na watu 1,134 wakapoteza maisha. Hatari ilikuwa imeonekana, ilikuwa imetangazwa, na baadhi ya watu walikuwa wameiamini kiasi cha kufunga biashara zao. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema kazi isiendelee, na msimamizi wa kumsikiliza.

Nimeanza na tukio hilo kwa sababu miongozo mingi ya ukaguzi hufundisha namna ya kuona na namna ya kujaza fomu, kisha ikaishia hapo. Kuona ni nusu ya kazi. Mwongozo huu unafuata kihatarishi tangu kinapogunduliwa hadi kinapoondolewa, na ili maelezo yasielee hewani nimechagua aina moja ya mahali pa kazi: karakana ya samani za mbao na chuma, kama zile zilizojaa Keko jijini Dar es Salaam na katika miji mingine mingi ya Afrika Mashariki. Ndani ya karakana ya namna hiyo utakuta mashine zinazozunguka, umeme, gesi, kemikali, vumbi, kelele na mizigo mizito, vyote chini ya paa moja. Anayeweza kuikagua vizuri hatapata shida kubwa kukagua ghala, gereji au jiko la hoteli.

Sheria inataka nini

Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, maarufu kama OSHA. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007, ambayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aunde kamati ya usalama na afya. Kwa ujumla sheria hizi zinamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi, atambue vihatarishi, awape wafanyakazi mafunzo na vifaa kinga bila kuwatoza, na awahusishe wawakilishi wao katika kukagua mazingira ya kazi. Mkaguzi wa serikali ana haki ya kuingia na kukagua, lakini yeye huja mara chache na huondoka baada ya saa kadhaa. Ukaguzi unaozungumziwa hapa ni ule mnaoufanya wenyewe, ambao hakuna mtu wa nje anayeweza kuufanya kwa niaba yenu kila wiki.

Mwezi Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya katika orodha ya kanuni na haki za msingi kazini, pamoja na haki kama ile ya kutofanyishwa kazi kwa shuruti. Mwenye karakana anayeona ukaguzi kuwa usumbufu wa serikali anapaswa kufahamu kwamba ni haki ya fundi wake.

Hatua ya kwanza: kupanga ukaguzi na kuteua watu

Si kila kitu hukaguliwa kwa wakati mmoja. Fundi anayetumia mashine huikagua kila asubuhi kabla ya kuiwasha, kazi ya dakika chache tu. Msimamizi hupita eneo lake lote mara moja kwa wiki. Ukaguzi kamili wa karakana nzima, ambao ndio kiini cha mwongozo huu, unafaa kufanyika kila mwezi, na katika sehemu zisizo na mashine nzito unaweza kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Zaidi ya ratiba hiyo, kagua kila linapotokea jambo jipya: mashine imenunuliwa au imehamishwa, kemikali mpya imeletwa, ukuta umebomolewa, ajali imetokea, au nusura itokee. Vifaa kama mitungi ya hewa iliyoshindiliwa na mashine za kunyanyulia mizigo huhitaji pia uchunguzi wa mtaalamu aliyeidhinishwa. Kazi yako ni kuhakikisha cheti kipo na muda wake haujapita.

Timu ya watu watatu inatosha: mwakilishi wa usalama aliyetoka miongoni mwa wafanyakazi, msimamizi mwenye uwezo wa kuamua matumizi ya fedha ndogo ndogo papo hapo, na fundi kutoka kitengo kingine. Huyu wa tatu ana thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu aliyezoea mahali huacha kuyaona yaliyopo. Waya uliochubuka uliomsumbua mtu wiki ya kwanza, baada ya mwaka amekuwa akiuruka bila hata kuufikiria. Mgeni wa kitengo atauliza kwa nini upo pale.

Wanagenzi wahusishwe pia, hata kama si kwa kuwaingiza kwenye timu. Katika karakana nyingi mwanagenzi ndiye anayekabidhiwa grinda ambayo fundi mkuu haitaki, ndiye anayepanda ngazi iliyolegea, na ndiye mwenye woga zaidi wa kusema. Ukitaka kujua kifaa kibovu kiko wapi, tafuta kilichopo mikononi mwake.

Hatua ya pili: maandalizi ya mezani

Kabla ya kuingia karakana, kaa na kumbukumbu. Soma ripoti ya ukaguzi uliopita na uweke alama kwenye kila jambo ambalo halijafungwa. Soma daftari la ajali. Angalia pia kisanduku cha huduma ya kwanza na daftari lake: bandeji zikiisha haraka, watu wanajikata mahali fulani bila kuripoti, na swali la kujiuliza ni mashine ipi iliyo karibu na kisanduku hicho. Chora ramani nyepesi ya karakana yenye milango, mashine, swichi kuu ya umeme, stoo ya rangi na mitungi, kisha gawa maeneo ili msiruke kona yoyote.

Orodha ya ukaguzi iandaliwe kwa ajili ya karakana yenu. Orodha iliyonakiliwa kutoka mgodini au hospitalini itawafanya mweke alama ya vema kwenye mambo yasiyowahusu na mpite kando ya yanayowahusu. Jambo la kuzingatia zaidi ni namna ya kuuliza. Swali "Je, mitungi ya kuzimia moto ipo?" litajibiwa ndiyo hata kama mtungi umeisha. Andika badala yake: "Mtungi ulio karibu na mlango wa stoo ya rangi: geji iko kwenye kijani? Pini na lakiri vipo? Unafikika bila kusogeza kitu? Tarehe ya huduma ya mwisho ni ipi?" Swali linalodai kipimo, tarehe au mahali haliwezi kujibiwa na mtu aliyekaa ofisini.

Chukua tochi, futi ya kupimia, kifaa cha kupimia soketi, chupa ya maji ya sabuni, kalamu na simu ya kupigia picha. Vaa buti, miwani na vizibo vya masikio kama unavyowataka wengine wavae. Mkaguzi anayeingia eneo la kuchomelea na kandambili ameshawaambia mafundi kwamba hilo si jambo la maana.

Hatua ya tatu: kupita karakana

Panga ziara wakati kazi inaendelea. Karakana iliyofagiliwa na kunyamaza Jumamosi jioni haionyeshi chochote kuhusu jinsi kinga ya msumeno inavyoondolewa saa nne asubuhi mteja anaposubiri. Ikiwa kuna zamu ya usiku, ukaguzi mwingine ufanyike usiku, kwa kuwa mwanga, uchovu na usimamizi huwa tofauti.

Anzia kwenye njia za kutokea. Tembea kutoka sehemu ya ndani kabisa hadi nje, ukijifanya huoni vizuri kwa sababu ya moshi, na uhesabu vikwazo. Milango ya dharura inapaswa kufunguka kwa kusukumwa kuelekea nje, bila ufunguo, muda wote watu wanapokuwa ndani. Hofu ya wizi imefanya karakana nyingi ziwe na mlango mmoja na madirisha yaliyofungwa kwa nondo. Hili ni tatizo la uhai na lisiahirishwe. Katika moto wa kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York, tarehe 25 Machi 1911, watu 146 walikufa, na mlango mmojawapo wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Hakikisha kuna eneo la kukusanyika nje, kila mtu analijua, na namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo kwa Tanzania ni 114, imebandikwa palipo na simu.

Kwenye mitungi ya kuzimia moto, tazama geji, pini, lakiri na mpira. Mtungi wa hewa ukaa hauna geji, hivyo hali yake hujulikana kwa kuupima uzito na kulinganisha na ulioandikwa kwenye mwili wake. Karibu na paneli ya umeme unahitajika mtungi wa hewa ukaa au wa unga mkavu, kamwe si wa maji. Mwombe fundi mmoja akueleze kwa maneno yake atakavyoutumia; mitungi mipya mingi imening'inia mahali ambapo hakuna aliyewahi kuvuta pini.

Umeme unahitaji jicho la pekee. Kagua waya uliochubuka, plagi iliyoungua, soketi iliyolegea, nyaya mbili zilizounganishwa kwa utepe wa plastiki, na ncha za waya zilizochomekwa kwenye soketi kwa vijiti vya kiberiti. Hakikisha waya wa ardhini, wenye rangi ya kijani na njano, umeunganishwa kwenye mwili wa kila mashine ya chuma na haukukatwa ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili. Kifaa cha kukata umeme unapovuja, ambacho kwa ulinzi wa watu hukata kwenye miliampea 30, kina kitufe cha majaribio: kibonyeze, na kama umeme haukukatika, kifaa hicho ni pambo tu. Waarifu mafundi kwanza ili wazime mashine zao. Kebo ya ekstensheni iliyozungushwa kwenye gurudumu ifunguliwe yote inapotumika kwa mashine yenye mzigo mkubwa, kwa kuwa ikibaki imejikunja joto hukosa pa kutokea na plastiki yake huyeyuka.

Kazi kubwa iko kwenye mashine. Simama mbele ya msumeno wa meza na utazame mambo manne: kinga inayofunika meno, kisu kilichosimama nyuma ya msumeno kinachozuia mbao kubana na kurushwa kumwelekea fundi, kijiti cha kusukumia vipande vifupi, na kitufe cha kuzima kinachofikika bila kuinama juu ya meno. Kisu hicho cha nyuma kiwe karibu na meno, umbali wa milimita 3 hadi 8. Kikikaa mbali zaidi hakifanyi kazi. Usiridhike na kuona kinga ipo. Tazama kama ina vumbi lililoganda kwenye bawaba, ishara kwamba haishuki, au kama boliti zake zinang'aa kwa kufunguliwa kila siku. Kinga inayoondolewa mara kwa mara kwa kawaida inaondolewa kwa sababu inazuia kazi, na sababu hiyo ndiyo ya kutafuta. Huenda fundi anakata vipande vyembamba ambavyo kinga ya aina ile haiviruhusu, na dawa yake ni kinga ya muundo mwingine, kwani karipio halitabadilisha umbo la mbao.

Kwenye grinda ya mezani, pima nafasi kati ya jiwe na kibao cha kuegeshea kazi: isizidi milimita 3, na ulimi wa juu, yaani kipande cha chuma kinachoziba mwanya wa juu wa kinga, usizidi milimita 6 kutoka kwenye jiwe. Jiwe hupungua kadiri linavyotumika, kwa hiyo nafasi iliyokuwa sawa mwezi uliopita huenda sasa inatosha kumeza chuma pamoja na kidole. Kwenye grinda ya mkono, soma maandishi ya diski. Diski ya inchi 9 hutengenezwa kuhimili takriban mizunguko 6,600 kwa dakika, ilhali grinda ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka karibu 11,000. Fundi anayeondoa kinga ili afunge diski kubwa kwenye grinda ndogo ameshika kitu kinachoweza kupasuka usoni pake wakati wowote. Ukikuta hali hiyo, kazi isimame hapo hapo. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi iliyogongwa kwenye pete ya chuma katikati ya diski, na jinsi stoo inavyozihifadhi, kwa sababu unyevu huzidhoofisha.

Jambo moja hupingwa mara nyingi, hasa na wakaguzi wapya: glavu hazivaliwi kwenye mashine ya kutobolea wala kwenye msumeno unaozunguka. Kitambaa kikinaswa huvuta mkono wote. Vivyo hivyo mikono mirefu ya shati isiyofungwa, mnyororo wa shingoni, mtandio na nywele ndefu zisizofungwa. Ukaguzi wa vifaa kinga ni pamoja na kuona kilichovaliwa mahali pasipotakiwa.

Eneo la kuchomelea kwa gesi lina sheria zisizosamehe. Mitungi isimame wima na ifungwe kwa mnyororo. Mtungi wa asetilini una asetoni ndani, na ukilazwa kioevu hicho huweza kutoka pamoja na gesi. Ukikuta umelazwa, usimamishwe na uachwe kwa saa kadhaa kabla ya kutumika. Shinikizo la asetilini kwenye mpira lisizidi paundi 15 kwa inchi ya mraba, kwa kuwa juu ya hapo gesi hiyo huweza kulipuka yenyewe. Vifaa vya oksijeni visiguswe na mafuta au grisi hata kidogo, na fundi aliyetoka kushika injini anawe mikono kwanza. Paka maji ya sabuni kwenye viungio vyote. Povu likitokea, gesi inavuja. Tafuta vizuizi vya moto kurudi nyuma kwenye regulata na kwenye shina la tochi ya kuchomelea. Mitungi ya akiba ya oksijeni itengwe na ile ya gesi zinazowaka kwa umbali wa mita 6 au zaidi, au kwa ukuta usioshika moto. Palipo na maranda na unga wa mbao, cheche husafiri mbali kuliko macho yanavyoziona, kwa hiyo uchomeleaji na useremala visichanganyike chumba kimoja bila kizuizi.

Kwenye stoo ya rangi tafuta kwanza chupa za maji na za soda. Thina iliyomiminwa kwenye chupa ya kinywaji imeshanywewa na watu wengi, watoto wakiwemo, na hakuna udhuru wa kuiacha. Kila chombo kiwe na jina la kilichomo na alama ya hatari. Stoo iwe na hewa, isiwe na swichi zinazotoa cheche, na karatasi za maelezo ya usalama za kila kemikali ziwepo katika lugha ambayo karani wa stoo anaisoma. Matambara yaliyofutia mafuta ya kitani huweza kujipasha joto na kuwaka bila kiberiti yakirundikwa pamoja. Yatupwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, na iondolewe kila jioni.

Vumbi la mbao linachukuliwa kirahisi mno. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na pua ndiyo inayoathirika zaidi. Kwa hiyo barakoa ya kitambaa haitoshi. Tafuta kama kuna mfumo wa kufyonza vumbi kwenye mashine, na kama upo, chungulia kama mfuko wake haujajaa. Zuia kabisa kupuliza vumbi kwa hewa ya kompresa, iwe kwenye meza au kwenye nguo alizovaa mtu. Kuhusu kelele, kama unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mita moja akusikie, chukulia kwamba kiwango kimefika desibeli 85 au zaidi. Hapo ndipo kinga ya masikio inakuwa lazima kwa anayekaa saa nane, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda salama hupungua kwa nusu.

Mengine yapite haraka lakini yasiachwe: kwa kila mita 4 za kimo mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani, na ngazi ipite ukingo inapoegemea kwa takriban mita moja, mbao zilizopangwa zisizidi kimo kinachoweza kuzifanya zianguke, sakafu isiwe na mafuta, vyoo viwe safi na vinavyotosha, maji ya kunywa yapatikane.

Hatua ya nne: kuzungumza na mafundi

Macho hayaoni kinachotokea wiki ijayo au kilichotokea jana. Msogelee fundi akiwa amezima mashine, msalimie, mweleze umekuja kukagua kazi na si kumkagua yeye. Usimwulize kama yuko salama, kwa kuwa atajibu kwamba yuko salama. Mwambie, "Fundi, nionyeshe unavyobadilisha msumeno," kisha utazame kama anazima umeme kwenye swichi kuu na kuufunga kwa kufuli na kuweka kibao cha onyo, au anategemea tu kwamba hakuna atakayewasha. Mwulize mzee wa karakana ni kazi ipi ambayo hawezi kumpa kijana wake. Mwulize dada anayepaka vanishi jinsi kichwa chake kinavyokuwa jioni. Mwulize mwanagenzi mara ya mwisho alipostuka ilikuwa lini. Majibu ya maswali haya hayamo katika orodha yoyote.

Yanayosemwa hapo yasigeuzwe kuwa ushahidi wa kumwadhibu aliyesema. Fundi akikatwa posho kwa kukiri kwamba kinga imeharibika, ukaguzi unaofuata utakutana na karakana isiyo na tatizo hata moja.

Hatua ya tano: kuandika kwa namna inayofanyiwa kazi

Maneno "usalama wa mashine uboreshwe" hayamwagizi mtu yeyote kufanya chochote. Andika hivi: "Msumeno wa meza Na. 2, karibu na dirisha la mashariki. Kisu cha nyuma hakipo. Mafundi wawili huutumia kila siku. Mbao inaweza kurushwa na kumpiga fundi kifuani, au mkono wake ukavutwa kwenye meno. Umezimwa na kufungwa kwa kufuli saa 4:20 asubuhi. Kisu kipya kinunuliwe na kufungwa na msimamizi wa useremala kabla ya Ijumaa." Msomaji ambaye hakuwepo anajua kitu gani, wapi, nani yuko hatarini, kwa vipi, nani anawajibika na lini. Ambatanisha picha, lakini usiweke sura za watu pasipo sababu.

Pangeni uzito wa kila kihatarishi kwa kuzidisha uwezekano wa kutokea, kati ya 1 na 5, na ukali wa madhara, kati ya 1 na 5. Hesabu hii husaidia kupanga foleni ya matengenezo, lakini isiaminiwe kupita kiasi. Jambo linaloweza kuua lishughulikiwe mapema hata kama uwezekano wake unaonekana mdogo, kwa sababu watu hukadiria uwezekano kwa kutazama kwamba halijawahi kutokea kwao.

Hatua ya sita: kusimamisha na kurekebisha

Kabla ya ukaguzi wowote, mwenye karakana aandike na kutangaza kwamba timu ina mamlaka ya kusimamisha mashine au eneo palipo na hatari ya haraka ya kifo au ulemavu, na kwamba kazi haitarudishwa kwa amri ya mtu anayefukuzia muda wa mteja. Bila tangazo hilo, mwakilishi atakayegundua nyufa atabaki na karatasi mkononi. Andikeni pia ni nani pekee anayeweza kuruhusu kazi irudi, na awe mtu aliyethibitisha kwa macho yake kwamba tatizo limeondolewa.

Katika kuchagua marekebisho, fuateni mpangilio unaojulikana: kwanza mjiulize kama kihatarishi kinaweza kuondolewa kabisa, kikishindikana, kibadilishwe kwa kisicho na madhara makubwa, kama rangi ya maji badala ya ile ya thina, kisha kizuiwe kwa kinga, ukuta au mfumo wa kufyonza, kisha kwa taratibu, mafunzo na zamu, na mwishoni kabisa kwa vifaa kinga vya mwilini. Karakana nyingi huanzia mwishoni. Barakoa ni rahisi kununua na hupendeza kwenye picha, lakini inamtegemea mtu kuivaa vizuri kila dakika kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Mfereji wa kufyonza vumbi hauchoki wala hausahau.

Pale fedha zinapokosekana kwa suluhisho la kudumu, weka la muda na uliandike kuwa ni la muda, pamoja na tarehe ya kuisha. Mashine isiyo na kinga inaweza kusubiri ikiwa imefungwa kwa kufuli. Haiwezi kusubiri ikiwa inafanya kazi.

Hatua ya saba: kufunga na kutunza kumbukumbu

Jambo lifungwe na aliyeliandika au mwenzake wa timu, baada ya kwenda kuona na kujaribu. Taarifa ya simu kwamba kisu kimefungwa haitoshi. Nenda upime ile nafasi ya milimita 3 hadi 8. Jiulize pia kama marekebisho yameleta hatari mpya: kinga mpya inayomzuia fundi kuona mbao inapopita itaondolewa kabla ya mwezi kuisha, na ukuta uliozuia cheche huenda umeziba njia ya kutokea.

Bandika matokeo mahali mafundi wanapokunywa chai, kwa Kiswahili chepesi, yakionyesha kilichopatikana, kilichorekebishwa na kilichobaki pamoja na sababu ya kubaki. Mwanagenzi akiona ngazi aliyoitaja imeondolewa, atataja na kitu cha pili. Hifadhi ripoti, picha, vyeti vya mitungi na mashine, orodha ya mafunzo na daftari la nusura ajali katika faili moja ambalo mkaguzi wa serikali anaweza kupewa siku yoyote. Nchini Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa fidia mtu anapoumia au kufariki kutokana na kazi, na kumbukumbu zenye mpangilio husaidia pia kuthibitisha mazingira ya tukio kwa haki ya mfanyakazi na ya mwajiri.

Kila baada ya miezi sita, tandaza ripoti zote mezani na utafute yanayojirudia. Waya uliochubuka ukionekana katika ripoti nne mfululizo, tatizo si waya tena. Huenda soketi ni chache kwa idadi ya mashine, au njia ya mkokoteni inapita juu ya kebo. Hapo ongeza soketi au hamisha njia ya mkokoteni, kisha ondoa kipengele hicho kwenye orodha na uweke kingine ambacho bado hakijapata mtu wa kukitazama.